Mkanda wa Ngozi na Ukaazi wa Kudumu

Walisema nisingefika hata Tunduma.

Maneno hayo yalisemwa kwenye kilabu cha pombe nyuma ya soko la Sumbawanga, nami nikiwa nimekaa palepale, maana watu wa kwetu wakitaka kukusema hawasubiri uondoke. Mmoja alisema basi likinishusha Tunduma nitaona malori yanayokwenda Zambia, nitayashangaa mpaka nauli iishe, kisha nitarudi nimepanda juu ya magunia. Mwingine akasema, "Diploma ya kukaza nati! Kwani Ulaya hawana watu wa kukaza nati?" Sikuwa nakwenda Ulaya, nilikuwa nakwenda Australia. Lakini pale kilabuni kila penye wazungu palikuwa Ulaya, na sikuona haja ya kuwafundisha jiografia watu waliokuwa wanakunywa pombe niliyoilipia mimi.

"Ukifika ututumie picha," alisema wa tatu.

"Picha ya nini?"

"Ya stendi ya Tunduma."

Walicheka mpaka kikombe kikamwagika. Nimeishi kiasi cha kuweza kuandika habari hizi nikiwa kwenye nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, yenye maji ndani, na wawili kati ya wale watatu wamekuja kuniomba kazi. Mmoja nilimpa.

Mimi sikuzaliwa kwenye nyumba ya bati. Nilizaliwa Mwazye, nikasoma kwa ada ya mahindi na ulezi wa shangazi yangu, nikapata stashahada ya ufundi mitambo, nikaajiriwa na kinu cha unga cha shirika la umma pale mjini Sumbawanga. Katika mkoa mzima sikumjua fundi mwingine aliyeweza kufungua rola za kinu na kuzirudisha bila kubakiza nati mkononi. Kama alikuwepo, hakujitokeza.

Meneja wa kinu alikuwa mzee mmoja Mfipa, mwembamba, mwenye koti la kaki alilolivaa hata jua la Oktoba. Nilimwita Mzee, na hapa nitamwita hivyohivyo. Kumwamini mtu ilikuwa kazi ngumu kwake. Ukimsalimia "Shikamoo Mzee," alikutazama kwanza mikononi, ndipo akaitikia. Funguo za ghala alizifunga kwa kamba kiunoni, na gunia likipimwa alilipima yeye mara ya pili.

Mwaka mmoja, katikati ya mavuno, mkanda mkubwa wa kinu ulikatika. Vipuri vilikuwa haviji tena. Shirika lilikuwa linakufa, huko juu wanazungumza habari za soko huria, sisi huku tuna foleni ya watu na magunia yao mpaka barabarani. Nilimfuata mfugaji mmoja Msukuma aliyekuwa amehamia upande wa Mwimbi na kundi lake, nikanunua ngozi mbichi ya fahali. Niliiloweka, nikaikata vipande virefu, nikaishona kwa waya, nikaipaka mafuta na kuifunga kwenye puli. Kinu kikazunguka. Kilizunguka mpaka mavuno yakaisha. Unga wa msimu ule ulikuwa na harufu kidogo ya zizi, na hakuna aliyelalamika.

Mzee aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe. Na Msukuma anajua aliuza ngozi, hajui ilikwenda wapi."

"Ibaki hivyo. Makao makuu wakisikia kinu cha serikali kinaendeshwa kwa ng'ombe, tutafungwa sote wawili."

Kwa miaka yote iliyofuata hatukulitamka tena neno lile, hata tulipokuwa peke yetu.

Baadaye shirika lilivunjwa. Mimi nilipunguzwa kazi. Kinu kiliuzwa kwa mfanyabiashara aliyemwacha Mzee akae pale kama msimamizi, kwa sababu hakumpata mwingine anayepima gunia mara mbili. Yule tajiri mpya alileta rola mpya kutoka nje, na pamoja nazo akaja mzungu wa kuzifunga. Siku chache akahangaika, rola zinapiga kelele, unga unatoka chenga. Mzee akaniita. Nilitazama, nikainua upande mmoja kwa vipande vya bati, kelele ikakoma. Mzungu akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia. Akaandika jina langu kwenye kiganja cha mkono wake.

Miezi mingi ikapita, nami nikawa nabangaiza na mashine za kusaga za watu binafsi, ndipo faksi ikafika nyumba ya simu. Mwenye kinu mmoja wa Australia, rafiki wa yule mzungu, alikuwa kwenye mji mdogo wa wakulima wa ngano ambako mafundi hawakutaka kuishi. Alikuwa tayari kunidhamini. Nikimfanyia kazi miaka miwili na akaridhika, angeniombea ukaazi wa kudumu. Nikiondoka kwake kabla ya hapo, viza inakufa.

Nami nilimshuku tangu siku ile. Mtu hajakuona, anataka uvuke bahari umfanyie kazi yeye peke yake? Niliipeleka faksi kwa mwalimu wa sekondari aisome tena, halafu kwa padri, na wote wawili wakaona kilekile nilichokiona mimi. Sikuridhika, ila nilianza kutafuta nauli.

Dar es Salaam nilikutana na wakala aliyesema ataniharakishia kila kitu nikimpa fedha zote mkononi. Alikuwa na kalenda tatu ukutani, zote za mwaka uliopita. Nikaondoka. Niliporudi wiki iliyofuata kumchungulia tu, ofisi ilikuwa inauza chipsi. Mimi si mtu wa kuibiwa.

Nauli yenyewe, pamoja na vipimo vya hospitali, ukaguzi wa vyeti na ada za viza, ilitoka kwa watu watatu. Hakuna aliyenipa fedha, maana hakuna aliyekuwa nazo, na waliokuwa nazo hawakuziamini.

Mzee alikuwa amechukua mafao yake yote akayanunulia mabati. Hakuyaezeka. Aliyapanga yakiegemea ukuta wa sebule, akawa analala chumba cha pili mlango wazi ili aweze kuyasikia. Alinipa ishirini. Kila bati alikuwa amelikwaruza alama kwenye kona kwa msumari. "Nataka bati," aliniambia. "Usiniletee noti. Noti leo ni gunia, kesho ni debe."

Yule mfugaji Msukuma alinipa mitamba wawili. "Ninyi Wafipa mnajua kulima, kuhesabu ng'ombe hamjui," alisema. "Ukikaa huko muda mrefu, mitamba hawa wangekuwa wamezaa. Ndama wao pia ni deni." Nikamwuliza kama anataka tuandikiane. Akasema ng'ombe hasahauliki.

Shangazi yangu wa Mwazye alifungua kihenge na kunipa magunia sita ya ulezi mwekundu, ule ule aliokuwa akiupanda tangu nipate akili. Sharti lake lilikuwa ulezi huohuo, si wa sokoni. "Na usioe huko kabla hujaniletea," akaongeza. Nilipiga makofi mara mbili nikiwa nimechuchumaa, kama tunavyofanya kwetu tukipokea kitu kwa mkubwa. Kwa Mzee na kwa Msukuma nilifanya vilevile. Msukuma alicheka, akaniuliza kama namfukuza inzi. Vyote niliviuza, nikapata nauli.

Nikaondoka. Tunduma nilifika, nikapita.

Mji ule wa Australia ulikuwa tambarare, mkavu, una barabara moja na baridi ya asubuhi iliyonikumbusha Sumbawanga mwezi Juni. Mwajiri wangu alikuwa mzee mrefu mwenye kofia, na nilipomwona akitazama mikono yangu kabla ya kunishika mkono, nilijisemea, huyu ni Mzee mwingine, mweupe tu. Kila jioni alihesabu spana. Nilipomaliza kuosha mikono nilimsikia nyuma yangu, anataja saizi moja moja kwa sauti ya chini.

Wiki ya kwanza nilikuta noti imelala sakafuni karibu na chekeche. Noti kubwa, mpya, imenyooka. Nilisimama. Kwetu Ufipa mtoto mdogo anajua kwamba pesa ambayo hukuiangusha huiokoti. Huwezi kujua nani ameiacha na ameisemea nini. Unaiokota leo, kesho mahindi yako yanakauka na ya mwenzio yanapendeza. Niliizunguka. Nilifagia upande huu na upande ule, nikaiacha katikati kama kisiwa. Kesho yake ipo. Wiki iliyofuata ipo, imefunikwa na unga, nami nafagia kando.

Mwisho mwajiri aliiokota mwenyewe, akaipangusa, akanitazama kwa muda. Tangu siku ile hakuhesabu tena spana. Mke wake baadaye aliniambia kwamba mumewe aliiweka pale kunijaribu, kama alivyowajaribu wafanyakazi wote, na kwamba hakuna aliyewahi kuiacha namna ile. Waliita huo uaminifu. Sikuwasahihisha.

Kazi niliiweza. Kinu kile kilikuwa cha zamani kuliko chetu, na katika msimu wa kwanza nilikiweka kikawa hakisimami ila siku ya Jumapili. Majirani wa mwajiri walianza kuniita niende kutazama matrekta yao, naye akawakatalia. Hapo shaka yangu ikaongezeka. Mtu akikuficha kwa majirani, anakuficha kwa faida gani? Miaka miwili ilipokaribia nilimkumbusha habari ya kuniombea ukaazi. Akasema, "Bado kidogo." Mvua ikanyesha, ngano ikavunwa, bado kidogo. Nilijua hesabu yake. Nikiwa na viza ya kumtegemea yeye, mshahara wangu ni ule anaotaka yeye. Nikipata ukaazi, naweza kwenda kwenye migodi ambako fundi kama mimi analipwa mara tatu.

Siku moja niliweka spana mezani, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha chuoni kwamba nyumbani kuna watu watatu wanaosubiri mabati, ng'ombe na ulezi, na kwamba kama hataki kuniombea aseme, nijue. Aliuliza mabati gani. Nikamweleza yote. Akasema hajawahi kusikia mtu akikopa bati. Wiki ile alijaza maombi, akayatuma.

Nilidhani nimemaliza. Nilikwenda mpaka dukani nikachagua sanduku la kurudia.

Barua iliyokuja haikuwa ya viza. Ilisema kwamba katika kuthibitisha uzoefu wangu wa kazi, ofisi ya uhamiaji ya Australia iliyokuwa Nairobi ilipiga simu kwenye kinu nilichodai kufanyia kazi, Sumbawanga, Tanzania, na msimamizi wa kinu alisema hamjui mtu wa jina langu. Alisema hajawahi kumsikia. Nilipewa muda mfupi wa kujieleza. Nisipojieleza wakaridhika, maombi yatakataliwa kwa kosa la kudanganya, na viza niliyo nayo itafutwa.

Mwajiri aliisoma barua, akairudisha mezani polepole. Jioni ile alihesabu spana.

Nilijua maana yake. Kurudi mikono mitupu, nishuke stendi ya Sumbawanga mbele ya wale wa kilabuni. Mzee abaki na ukuta mtupu sebuleni, kihenge cha shangazi kibaki nusu, na Msukuma anihesabie ndama nisioweza kuwalipa mpaka nife. Niliwachambua watu wote niliowajua. Nilimfikiria tajiri mpya wa kinu, labda aliona wivu. Niliwafikiria wale watatu. Nilifikiria kama kuna mtu aliyekwenda usiku kwenye kizingiti cha mama yangu akafukia kitu. Lakini kila nilipozunguka nilirudi palepale. Msimamizi wa kinu alikuwa Mzee. Simu ilikuwa mezani kwake, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa.

Mzee ameniuza. Amepewa kitu na mtu, akaniuza. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nilipiga simu alasiri, kwao ikiwa asubuhi. Ililia sana kabla ya kupokewa.

"Kinu."

"Shikamoo Mzee."

"Nani?"

Nikataja jina langu.

"Simjui mtu huyo," akasema, na akakata.

Nilibaki nimeshika mkono wa simu. Nilipiga tena. Safari hii nilianza na Kifipa, nikamsalimia kama anavyosalimiwa mkubwa kwetu, salamu ile ndefu yenye kuulizia nyumba, watoto na shamba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kifipa hata majirani zetu Wanyamwanga wanakijua," akajibu kwa Kiswahili. "Kama wewe ni yeye, niambie kitu."

"Kitu gani?"

"Mwaka ule wa foleni mpaka barabarani. Kinu kilizunguka kwa nini?"

Nilitazama huku na huku, kama makao makuu ya shirika lililokwisha kufa wangeweza kunisikia katika kibanda cha simu cha Australia. "Mkanda wa ngozi," nikasema.

Nilisikia kiti kikivutwa. Sauti yake ilibadilika kabisa. "Mwanangu! Uko salama? Wamekukamata?"

"Nani anikamate, Mzee? Kwa nini umesema hunijui?"

"Kwa nini nisiseme? Mwanamke anapiga simu kutoka mbali, Kiswahili cha Kenya, ananiuliza: unamjua fulani? Alifanya kazi kwako? Mwaka gani mpaka mwaka gani? Anajua majina yako yote matatu! Mtu mwema anataka majina matatu ya nini? Nikajua kijana ameharibu huko, sasa wanamtafuta. Nikasema simjui. Nikawaambia na wa stoo, na mlinzi, kila anayeuliza aambiwe hatumjui. Shangazi yako nimemtumia habari. Msukuma naye anajua. Hapa Sumbawanga nzima huwezi kupata mtu anayekujua."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ni kweli kabisa. Mgeni akifika kwetu anauliza nyumba ya mtu, tunamwuliza kwanza anatoka wapi, anamtakia nini, na kama majibu hayatulii tunamwonyesha njia ya kwenda mahali pengine. Hata mimi nimeshafanya hivyo mara nyingi. Sikufikiria kwamba siku moja mgeni huyo angekuwa ameshika maisha yangu yote mkononi.

"Mzee, yule mama anataka kunipa karatasi ya kukaa hapa moja kwa moja. Usiponijua wewe, wananirudisha."

"Wakikurudisha?"

"Mabati hakuna."

Akapumua. "Ulipaswa kuniambia mapema. Mimi nilijua wakikukamata ndiyo hakuna mabati." Akafikiri. "Basi apige tena. Lakini nitajuaje ni yeye na si mwingine? Aanze na lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua. Sitalisema kwenye simu."

Ndipo mimi, mwenye stashahada, niliyepita Tunduma na bahari, nikakaa chini nikaiandikia idara ya uhamiaji ya nchi nzima barua ya Kiingereza safi, nikieleza kwamba shahidi wangu ni mtu mwangalifu, na kwamba afisa atakayempigia anaombwa aanze mazungumzo kwa kutamka maneno "mkanda wa ngozi". Mwajiri alisoma barua ile mara mbili. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Alichukua kalamu, akaongeza chini kwa mkono wake kwamba mtu huyu aliacha noti sakafuni kwangu mpaka ikafunikwa na unga, na akaweka sahihi.

Habari ya simu ya pili nilisimuliwa na Mzee mwenyewe. "Alianza na hujambo, nikanyamaza. Akasema anatoka ofisi fulani, nikanyamaza. Nikamsikia anageuza karatasi. Akasema, taratibu kama anasoma katekisimu, mkanda wa ngozi. Hapo nikafunguka! Nilimwambia yote. Mwaka ulioanza, mwaka uliotoka, rola ulizofungua. Nilimwambia wewe ndiye fundi bora niliyewahi kuwa naye. Akaniuliza mkanda wa ngozi ni nini. Nikamwambia siujui."

Ukaazi ulitoka kabla ya mvua. Kibandiko kidogo tu kwenye pasipoti, na nilikitazama juani, nikakikwaruza pembeni kwa ukucha kuona kama kinabanduka. Hakikubanduka. Mwajiri aliniuliza nitaondoka lini kwenda migodini, nami nikashangaa amejuaje. Nilikaa naye msimu mmoja zaidi, kwa mshahara niliousema mimi, kisha nikaenda. Huko migodini nilipata fedha. Sitasema kiasi gani, wanaosoma hapa ni wengi.

Niliporudi Ufipa nilirudi kama mtu, na sanduku lile nililolichagua mapema. Lakini sikulipa siku ile. Ningeweza kwenda sokoni nikanunua ulezi wa magunia sita, na shangazi angeuuma punje moja na kunifukuza. Nilimwomba mbegu yake mwenyewe. Nikakodi watu, nikawapikia pombe, tukalima Mwazye kwa matuta yetu yale ya duara, tukageuza nyasi zioze ndani, na nikangoja ulezi ukomae huku watu wakinong'ona kwamba nimefilisika, maana mtu wa Ulaya gani anashika jembe. Niliwaacha wanong'one.

Siku ya kulipa niliwaita wote watatu nyumbani kwangu mjini, mchana kweupe, lango wazi ili mtaa uone.

Shangazi alifungua gunia la kwanza, akachota, akapuliza makapi, akauma. Alifungua la pili. Aliyafungua yote sita na la saba nililoongeza. Msukuma alizunguka mitamba, wanne badala ya wawili, akawafungua midomo, akawapapasa mgongo, akaniuliza nimewanunua kwa nani, na huyo aliwanunua kwa nani. Mzee aliinamia mabati, akayagonga moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu.

"Haya si yangu," akasema.

"Yako niliyauza, Mzee. Ndiyo nauli niliyosafiria."

"Alama yangu haipo." Akatoa msumari mfukoni mwa koti la kaki, akaanza kukwaruza kona ya bati la kwanza.

"Kumbe mpaka leo hamniamini?" nikawauliza.

"Wewe tunakuamini," alisema Msukuma, mkono bado uko kwenye taya la mtamba. "Ng'ombe ndio siwajui."

Walipotosheka walipiga makofi mara mbili, shangazi na Mzee wakiwa wamechuchumaa. Msukuma aliwatazama, akaegemeza fimbo ukutani, naye akapiga. Nilisimama mbele yao na suti yangu. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ananidai. Nakiri nilikuwa na swali moja lililobaki, ambalo nililificha tangu siku ile ya simu. Kama Mzee alinikana kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mabati.

Pikipiki ikasimama langoni. Mtu aliyevaa tai, ana faili kwapani, akachungulia. Alinitazama, nikatazama ulezi. Mpaka leo sijui alitumwa na nani wala alitaka nini. Alitaja majina yangu, yote matatu.

"Namuulizia bwana huyo," akasema. "Nimeambiwa anakaa hapa. Mnamjua?"

Mzee hakuinua kichwa. Aliendelea kukwaruza bati lake.

"Hatumjui," akasema.

"Hatujawahi kumsikia," alisema shangazi, akifunga gunia.

Msukuma alichukua fimbo yake ukutani, akamwonyesha njia ya kwenda Mwimbi.